Nilivyoigeuza Belfast kuwa pacha wake, Edinburgh

Seti ya plastiki ya kuunda mfano mdogo wa kruza Belfast, meli ya kivita ya Uingereza, si ngumu kupata, maana meli yenyewe ipo hadi leo London, makumbusho juu ya Mto Thames. Mimi nilimtaka pacha wake, Edinburgh, iliyozama Mei 1942 ikiwa na shehena ya dhahabu kutoka Murmansk, bandari ya Urusi. Zote mbili zilishushwa majini Machi 1938, kila moja na mizinga 12 ya inchi sita. Wengi hubandika jina jingine tu wakamaliza. Mimi siwezi, kwa sababu miili yao haikubaki sawa.

Novemba 1939 Belfast ililipukiwa na bomu la sumaku chini ya mkuku, uti wa chini wa meli. Iliporudi kazini mwishoni mwa 1942, ubavu wake ulikuwa umeongezwa tumbo la chuma la kuuimarisha. Seti yangu, ya kipimo cha 1/700 cha meli halisi, ilionyesha hali hiyo. Edinburgh haikuwahi kuwa na tumbo hilo, kwa hiyo lilipaswa kuondoka.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Kwenye kipimo hicho tumbo ni kama milimita moja tu kila upande, lakini plastiki nayo ni nyembamba. Kabla ya kugusa msasa niligundisha vipande vya plastiki ndani ya ubavu, nikaacha gundi ikauke kabisa. Kisha nikasugua kwa msasa uliozungushwa kwenye kijiti bapa, kutoka omo (mbele) kuelekea tezi (nyuma), nikiinua mwili kwenye mwanga kila mara: bonde dogo huonekana kwa kivuli kabla kidole hakijalihisi. Madirisha ya duara yalifutika yote. Niliyatoboa upya kwa keekee nyembamba niliyoizungusha kwa vidole, nikifuata mstari wa penseli.

Juu ya sitaha mambo yalikwenda haraka. Niliondoa rada na mizinga midogo ambayo haionekani kwenye picha za Edinburgh, na milingoti nikaitengeneza upya kwa waya wa shaba, kwani ya plastiki ni minene mno.

Kanuni yangu ni kuchagua tarehe moja na kutumia picha zilizo karibu nayo tu. Nilichagua 28 Aprili 1942, siku ilipoondoka Murmansk. Siku mbili baadaye topedo za nyambizi ya Kijerumani U-456 ziliibomoa tezi, na mimi niliitaka ikiwa nzima.