Kutoka tasnifu hadi jarida la famasia: nilivyofanya

Tasnifu yangu ya uzamili ilikuwa na kurasa zaidi ya mia. Jarida nililolitaka lilikubali maneno 3,500, ikisiri isizidi 250. Kazi kubwa basi ilikuwa kukata, na huwezi kukata kabla hujajua unabakiza nini. Utafiti ulihusu antibiotiki wanazoandikiwa wagonjwa wa nje katika hospitali moja ya Dar es Salaam, na ndani yake nilikuwa nimeweka kila kitu: bei, upatikanaji, maoni ya madaktari. Msimamizi wangu akaniambia, "Mwanangu, chukua swali moja. Mengine ni makala nyingine."

Nikalichukua hili: je, dawa zinazoandikwa ni zile ambazo WHO inataka zitangulie? Tangu 2017 shirika hilo limegawa antibiotiki katika makundi matatu ya mfumo wa AWaRe: za kutangulia, kama amoksilini, za tahadhari, kama seftriaksoni na azithromaisini, na za akiba, zinazosubiri pale nyingine zinaposhindwa. Aya isiyogusa swali hilo niliitoa, hata kama ilikuwa imenikesheza.

Nilianza na majedwali. Nilipoyakamilisha, sehemu ya matokeo ilikuja yenyewe, kisha mbinu, kisha mjadala. Utangulizi na ikisiri niliviacha mwisho. Ninamshauri kila mfamasia afuate mpangilio huo, kwa sababu ukianza na utangulizi utaandika historia nzima ya usugu wa dawa duniani na msomaji atachoka kabla hajafika hospitalini kwako. Pembeni niliweka orodha ya STROBE yenye vipengele 22, inayotumika kwa tafiti za uchunguzi, na kila nilipomaliza kipengele niliandika kipo ukurasa gani. Jarida liliitaka orodha hiyo hiyo wakati wa kuwasilisha.

Kuchagua jarida kulihitaji utulivu. Barua pepe za kuahidi kuchapisha ndani ya siku chache, mradi ulipe, zinamiminika kwa kila aliyewahi kuhudhuria kongamano. Mimi nilisoma matoleo ya nyuma, likiwemo lile jarida la sayansi za famasia la Afrika Mashariki na Kati linalotolewa na Chuo Kikuu cha Nairobi, nikatazama kama tafiti za vyeti vya dawa zina nafasi humo. Kwa majarida ya bure mtandaoni nilikagua pia kama yamo DOAJ, orodha ya majarida ya bure yaliyohakikiwa. Makala za kulipia nilizipata kupitia Hinari, mpango wa WHO wa kuzipa nchi za kipato cha chini makala za afya, ambao vyuo vyetu vingi vimejiunga nao.

Suala la majina ya waandishi lilinigusa zaidi. Mfamasia wa hospitali ile ndiye aliyekaa nami stoo tukifungua mafaili yenye vumbi, na nilitaka jina lake liwepo kwa haki. Masharti ya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ni manne: kuchangia utafiti kwa uzito, kushiriki kuandika au kuhakiki rasimu, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika kwa kazi yote. Nikamwambia, "Kaka, kukusanya vyeti peke yake hakutoshi. Njoo tusome mjadala pamoja." Alikuja, na aya bora ya mjadala, inayoeleza dawa inapokwisha stoo daktari anaandika nini, ni yake.

Viambatisho ni vya kuandaa mapema: barua kwa mhariri, ukurasa wa kichwa ulio faili tofauti ili wapitiaji, yaani wataalamu wanaoitathmini makala, wasijue waandishi, namba ya kibali cha maadili, tamko la maslahi, namba ya ORCID inayomtambulisha mtafiti. Mwenye kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, asome masharti yake hadi mwisho, maana kuchapisha nako kunaombewa ruhusa.

Maoni ya wapitiaji yalipokuja niliyapanga kwenye jedwali: safu ya kwanza maneno yao bila kubadilisha neno, ya pili jibu langu, ya tatu ukurasa na mstari uliorekebishwa. Mmoja aliuliza kwa nini ampiclox imepewa mstari wake peke yake, ilhali ampisilini na kloksasilini zote mbili ni za kundi la kutangulia. Ni swali zuri. Nilijibu kwamba zikichanganywa katika kidonge kimoja, WHO inauweka mchanganyiko huo kwenye orodha ya isiyoipendekeza, na kuuhesabu pamoja na amoksilini kungeficha tatizo ambalo kila anayesimama dirisha la dawa analiona. Nikaongeza sentensi mbili kwenye mbinu kulieleza hilo. Pale ambapo sikukubaliana na mpitiaji nilisema hivyo kwa heshima, nikaweka ushahidi, mhariri alilipokea.

Nakala ya mwisho kabla ya kuchapwa niliisoma nikiwa na vyeti vyenyewe mkononi, kila dozi na kila kipimo, kwa sababu gramu ikisomeka miligramu kwenye makala ya dawa si kosa la chapa tu. Makala ilipotoka niliipeleka kwa Kamati ya Dawa na Tiba ya hospitali ile, pamoja na ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa watu wa dirishani. Sasa ninaandaa ile ya upatikanaji wa dawa, na safari hii kaka yangu wa stoo ndiye mwandishi wa kwanza.