Mtoto wa Kigoma anayewafundisha Wamarekani Kifaransa na Kihispania

Swali ninaloulizwa kuliko yote, nyumbani na hata huku Ohio, ni hili: inakuwaje Mtanzania aje kuwafundisha Wamarekani lugha za Wazungu wengine? Mjomba wangu wa Ujiji huliuliza bila kuzunguka: "Kwani Wafaransa wenyewe hawapo?" Wapo, mjomba. Nimeamua kujibu kwa maandishi, maana kuna vijana wengi wanaoniandikia wakiwa na shahada ya Kifaransa au isimu, yaani sayansi ya lugha, na hawajui waende nayo wapi.

Kifaransa sikukifuata Ulaya. Kigoma ukivuka ziwa uko Kongo, ukipanda kaskazini uko Burundi, na wafanyabiashara wa dagaa na vitenge huchanganya Kiswahili, Kiha, Kirundi na Kifaransa ndani ya mapatano ya bei moja. Nilipoingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nikachagua Kifaransa pamoja na isimu, ndugu walisikitika kimyakimya. Walitarajia sheria, au angalau uhasibu. Isimu hasa hawakuielewa kabisa. Leo naweza kusema bila kusita kwamba isimu ndiyo inayoniweka mjini.

Niliondoka Tanzania baada ya kufundisha sekondari kwa muda, nikaja Marekani kusomea uzamili na baadaye uzamivu. Hapa kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui: katika idara nyingi za lugha, mwanafunzi wa uzamivu halipi ada. Chuo kinamsamehe ada na kumpa posho ya kujikimu, naye anafundisha darasa moja au mawili ya lugha kila muhula. Posho si nyingi, lakini inatosha kulipa chumba na chakula usilazimike kubeba boksi, kazi ambayo viza ya mwanafunzi haikuruhusu nje ya chuo hata ukiitaka. Ukiona programu ya uzamivu inayokudai ada kamili katika fani hizi, achana nayo, tafuta nyingine.

Kihispania kiliingia kwa njia ya masharti. Programu za lugha zilizotokana na Kilatini hudai lugha ya pili ya familia hiyo, nami nikachagua Kihispania kwa sababu ndicho kilichokuwa ukutani kwangu: majirani zangu walikuwa familia ya Waguatemala, na bibi wa nyumba ile hakuwa na neno hata moja la Kiingereza. Alikuwa mwalimu mzuri kuliko kitabu changu. Wakati ule sikujua kuwa lugha hiyo ya pili ndiyo itakayonipa kazi. Vyuo vikubwa huajiri bingwa wa kitu kimoja, lakini vyuo vidogo, ambavyo ni vingi sana Marekani, havina fedha ya kuajiri mtu wa Kifaransa na mtu wa Kihispania na mtu wa isimu. Vinatafuta mmoja awezaye vyote vitatu. Tangazo la kazi niliyopata lilitaja yote hayo katika sentensi moja.

Matangazo ya namna hiyo hutoka zaidi kuanzia Septemba, mengi kupitia orodha ya kazi ya chama cha walimu wa lugha na fasihi kiitwacho Modern Language Association, kilichoanzishwa mwaka 1883. Unapeleka barua, muhtasari wa utafiti, maelezo ya falsafa yako ya ufundishaji na barua tatu za wadhamini. Wakikupenda wanakuhoji kwa video, kisha wanakualika chuoni ufundishe darasa mbele yao. Ukipata, unaanza kama profesa msaidizi, na kwa kawaida mwaka wa 6 unapimwa: utafiti, ufundishaji, huduma kwa chuo. Ukipita, ajira inakuwa ya kudumu na unapanda kuwa profesa mshiriki. Usipopita, unapewa mwaka mmoja wa kufungasha. Pembeni yenu kuna walimu wanaolipwa kwa kila kozi, vibarua hasa, wengine wakiwa na uzamivu na machapisho kukuzidi wewe, wakiendesha gari kutoka chuo hiki kwenda kile ili mwezi uishe. Hilo linaniumiza, na sioni kwa nini tulifiche tunapowavutia wadogo zetu waje.

Sasa nirudi kwa mjomba. Kuna kitu Mfaransa hana darasani na mimi ninacho.

Wanafunzi wa Kimarekani husumbuliwa sana na kijineno *a* cha Kihispania. Kwa nini mtu aseme "Vi la casa", nimeona nyumba, lakini akimtaja Maria ni lazima aseme "Vi a María"? Vitabu vinawaambia wakariri: yambwa, yaani anayetendwa, ikiwa mtu, weka *a*. Wanakariri, kesho wamesahau. Mimi nafuta ubao naandika Kiswahili: "Nimeona nyumba" na chini yake "Nimemwona Maria". Nawauliza nini kimeongezeka. Hata asiyejua Kiswahili anaiona ile *mw* katikati ya kitenzi. Mswahili hawezi kusema "nimeona Maria" bila sikio kukataa. Kisha naandika jozi ya pili: "Natafuta daktari", yaani daktari yeyote, na "Namtafuta daktari", yule ninayemjua. Kihispania kinafanya hivyohivyo: "Busco un médico" na "Busco al médico". Lugha mbili zisizo na undugu, moja ya Iberia na moja ya pwani yetu, zote zinataka binadamu anayejulikana apewe alama yake katika sentensi. Mwanaisimu Mjerumani, Georg Bossong, ndiye aliyeipa hali hii jina lake la kitaalamu miaka ya 1980, na imeonekana katika lugha nyingi sana duniani. Kiingereza hakina kitu hicho, ndiyo maana Mmarekani anahangaika. Sisi tunakifanya tangu tulipoanza kuongea.

Muhula mmoja alikuwepo darasani msichana aliyezaliwa Kivu Kusini, familia yake ikaletwa Marekani kwa mpango wa wakimbizi baada ya miaka kambini Nyarugusu. Alikuwa anakaa kiti cha nyuma na hasemi. Nilipoandika "Namtafuta daktari" aliinua kichwa, akawaeleza wenzake tofauti ya sentensi zile mbili vizuri kuliko nilivyokusudia kueleza mimi, kisha akaongeza mfano wake: "Natafuta fundi" na "Namtafuta fundi, ana pesa yangu." Darasa zima likaelewa. Kuanzia siku hiyo alikaa mbele, na kazi yake ya mwisho wa muhula ililinganisha Kiswahili cha Bukavu na Kihispania. Ni miongoni mwa kazi bora nilizowahi kusahihisha.

Kifaransa nacho kina yake. Kile cha vitabuni kinasema "Mon père est parti". Kile cha mtaani, Paris au Kinshasa, mara nyingi kinasema "Mon père, il est parti". Walimu wa zamani walikemea ile *il*, yaani "yeye", kama uvivu. Lakini Mbantu akiisikia anaijua: "Baba *a*meondoka". Wapo wanaisimu wanaoshikilia kwamba viwakilishi hivyo vya Kifaransa vimeacha kuwa maneno kamili na vinageuka kuwa viambishi vya kitenzi, kama vyetu. Ninapolifundisha hili, wanafunzi wanaacha kuiona Kiswahili kama lugha ya filamu za wanyama na kuanza kuiona kama lugha inayowafumbulia mambo.

Na si wazo langu la pembeni. Sam Mchombo, mwanaisimu wa Malawi aliyefundisha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliandika na Joan Bresnan mwaka 1987 makala katika jarida la *Language* kuhusu viambishi vya Kichewa, na hadi leo mtu akiandika juu ya upatanisho wa kitenzi, yaani jinsi kitenzi kinavyokubaliana na mtenda au mtendwa, iwe wa Kihispania au wa Kiitaliano, huwa anaipitia. Kichewa, jirani yetu wa ziwa lingine, kimekuwa kipimo cha nadharia. Nilipoisoma mara ya kwanza nilijua tasnifu yangu itahusu nini.

Ila nisiwapambie. Fani hii inabanwa. Kwa hesabu za chama nilichokitaja, idadi ya wanaosoma lugha zisizo Kiingereza katika vyuo vya Marekani ilishuka kwa asilimia 16.6 kati ya 2016 na 2021. Kikorea kilipanda, Kifaransa na Kihispania vilishuka, ingawa Kihispania bado kinaongoza kwa mbali. Agosti 2023 Chuo Kikuu cha West Virginia kilitangaza mpango wa kufuta idara yake yote ya lugha, fasihi na isimu, na baada ya wanafunzi na walimu kupiga kelele zikabaki nafasi chache za Kihispania na Kichina. Idara zetu ndogo ziliisoma habari ile kwa hofu. Kwetu, kilichozuia panga ni kozi ya utangulizi wa isimu, kwa sababu inachukuliwa na wanafunzi wa tiba ya usemi, saikolojia na kompyuta, na viti havibaki wazi.

Kuna na karatasi. Vyuo vikuu haviingii kwenye bahati nasibu ya viza ya kazi iitwayo H-1B, na hiyo ilikuwa neema kwa wengi wetu. Lakini Septemba 2025 serikali iliweka ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza hiyo ya walio nje ya Marekani, na chuo kidogo hakiwezi kumlipia mwalimu wa lugha kiasi hicho. Anayetaka kuja asome masharti ya wakati huo kabla hajaamua. Ukishaajiriwa, muulize mwajiri siku za mwanzo kabisa kuhusu kadi ya kijani: mwalimu wa chuo ana utaratibu wake maalumu, lakini maombi yapelekwe ndani ya miezi 18 tangu siku uliyochaguliwa. Usisubiri ukumbushwe.

Lafudhi yangu? Mara nyingine katika tathmini za wanafunzi huwa yumo mmoja anayetaka mwalimu "halisi" kutoka Ufaransa. Namheshimu, lakini Kifaransa kina wasemaji wengi Afrika, na Kihispania ni lugha rasmi ya Guinea ya Ikweta, ambako watu huzungumza pia Kifang na Kibubi, lugha za Kibantu. Mwalimu halisi anaweza kutoka huko, na anaweza kutoka Kigoma.

Wale wa Dar, Dodoma, Nairobi na Bujumbura mnaojiandaa kuomba nafasi za uzamivu: milango mingi hufungwa kati ya Desemba na Januari. Katika maelezo yenu msianze na mapenzi yenu kwa Paris. Kila mwombaji anaandika hivyo. Anzeni na sentensi moja ya Kiha, Kigiriama, Kinyakyusa au lugha yoyote ya nyumbani, iliyo na swali ambalo Kifaransa kinalijibu nusu tu. Niandikieni, nitaisoma rasimu.