Kilo 560

Jumatatu usiku, Lubumbashi.

Nimeoga mara mbili tangu jana na bado maji yanatoka mekundu masikioni. Midomo imepasuka, shingo inauma. Gari langu halina kioo cha maana mbele, lina kipande cha plastiki kinachonifika kidevuni tu, na mwezi huu wa sita baridi ya alfajiri hapa kwetu haina huruma. Asubuhi maabarani mwenzangu alinitazama uso, akaniuliza nimepigana na nani.

Nilikwenda Likasi na kurudi, nikamwambia. Kilomita 120 kwenda, 120 kurudi.

“Na ile kitanda yako?”

Jina hilo alilipata kwa watoto wa jirani. Siku ya kwanza nilipolitoa uani, mmoja alilizunguka mara tatu, akamwuliza mwenzake kwa sauti kubwa: “Hii njo mutuka ao njo kitanda?” Sina la kumlaumu. Halina paa, halina milango, mapine ya mbele yamekaa nje kama miguu ya panzi, na ukiketi ndani unaweza kunyoosha mkono ukaokota jiwe barabarani.

Asili yake ni Uingereza. Mwaka 1957 Colin Chapman, yule wa Lotus, alitoa kigari kilichoitwa Seven, motere ya Ford ya sentimita za ujazo 1,172 na nguvu za farasi 40 tu. Wakati huo serikali yao ilitoza kodi gari zima, lakini ukinunua vipande ukaviunganisha mwenyewe nyumbani, kodi hiyo haikukupata. Sharti lilikuwa moja: vipande visiuzwe pamoja na maelezo ya kuunganisha. Basi inasimuliwa kwamba Chapman aliandika maelezo ya kulifungua gari, mteja ayasome kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Kila nikisimulia hilo kwenye garaji za hapa watu wanapiga makofi. Kifungu cha 15, ile sheria yetu ya utani ya “jitafutie njia mwenyewe”! Kumbe hata Wazungu wanacho. Mwaka 1973 kodi ile iliondolewa ikaja nyingine, ujanja ukaisha kazi, na mwaka huohuo Lotus iliachia Seven kwa Caterham, ambao wanaitengeneza mpaka leo. Wengine duniani wakaanza kuiga, Wasauzi wakiwamo, na watu wa kawaida nao wakaanza kuchomelea yao nyuma ya nyumba.

Mimi ni wa kundi hilo la mwisho. Motere, giaboksi na ekseli ya nyuma vilitoka kwenye Corolla KE70 iliyokuwa imeoza mpaka sakafu, ikiwa mali ya kuku. Shasi ilichomelewa hapa mjini, mtaa unaoitwa Kenya, kwa fundi anayetengeneza milango na antivoli, vyuma vya madirisha vya kuzuia wezi. Nilimchagua kwa makusudi. Shasi ya gari hili ni bomba za mraba za milimita 25 tupu, na hakuna mtu katika mji huu anayezijua bomba hizo kuliko watu wa antivoli.

Lakini mlango ni kitu bapa. Shasi ya kwanza ilijipinda milimita 11 kutoka kona hadi kona. Fundi alikuwa amechomelea upande mmoja wote mpaka mwisho, ndipo akahamia wa pili, na moto huvuta chuma. Tulikaa tukaitazama. “Mulango ikipinda, Shefu, ninapiga nyundo,” alisema. “Hii nitapiga wapi?” Tukaikata yote. Mara ya pili alishika kila kiungo kwa nukta moja kwanza, gari zima, kisha akachomelea kidogo hapa, kidogo kule, akirukaruka kona kama anayecheza. Siku tatu za makubaliano ziligeuka wiki tatu, na mimi ndiye niliyekuwa nikileta soda.

Lilipokamilika nilitaka kujua lina uzito gani. Mizani ya nani itapima gari? Mji wetu hauna shida hiyo: tuna mizani za malori ya shaba. Nilimwomba mkubwa wa moja, Jumapili, akakubali kwa sababu alitaka kuona. Mizani ile imezoea malori ya tani 50, nayo inahesabu kwa hatua za kilo 20. Nikapanda jukwaani. Kijana wa kwenye kibanda akachungulia dirishani.

“Shefu, panda sasa.”

“Nimeshapanda.”

Akatazama namba zake, akanitazama, akatazama tena. Kilo 660. Nikashuka kwa miguu, ikasoma 560. Nikarudi kuketi, 660. Nikashuka tena. Kijana akacheka mpaka akashika ukuta.

“Shefu, wewe njo muzigo.”

Ni kweli. Nilikuwa nimetumia miezi kutoboa matundu kwenye vishikio, kutafuta betri ndogo, kuacha tairi la akiba, kunyima viti sponji. Na kitu kizito kuliko vyote humo ndani, ukitoa motere, nilikuwa nimekibeba mwenyewe kutoka mezani.

Kiswahili kinamwita mwenye madaraka mtu mzito, na Lubumbashi inaliamini neno hilo kwa mapine manne. Ukipanda cheo kampuni inakupa gari refu, vioo vyeusi, kipupwe. Mimi ninalo la kazini, naliendesha siku tano kwa wiki, na kwa miaka mingi nimepita mjini humu bila kusikia harufu ya makala, yaani mkaa, wala sauti ya mtu. Jumapili napita palepale nikiwa chini ya kiuno cha muuza ndizi. Mama mmoja pale njia ya kutokea mjini sasa ananisalimu kwa jina. Ameniuzia ndizi mara mbili nikiwa kwenye gari kubwa bila kujua ni mtu yuleyule.

Jana tulikuwa magari matano. Mengi kama langu hapa hayapo. Yapo mawili tu, langu na la Mzee, mhandisi mstaafu aliyelinunua Afrika Kusini. Ni Birkin, mwigo wa Seven wa hukohuko, la kiwanda, lenye rangi iliyonyooka. Wengine wanakuja na walichonacho: Celica ya zamani, Corolla iliyoteremshwa, na Hilux ya mtoto wa Mzee inayotangulia, kwa sababu kutoka chini tulipo hatuoni shimo mpaka tuko ndani yake. Hatupitani wenyewe kwa wenyewe. Na kila anayekata kona anasubiri mpaka aliye nyuma yake amwone, hivyo hakuna anayepotea hata msafara ukikatwa na malori.

Malori ndiyo shida. Usukani wangu uko kulia, kama Corolla ilivyokuja kutoka Japani kupitia Dar es Salaam na Zambia, wakati sisi Kongo tunapita kulia. Nyuma ya lori ninachoona ni nati za magurudumu. Kwa hiyo macho yangu ni mpwa wangu, anayeketi kushoto. Anajitoa ubavuni, kitambaa kichwani, mkono juu: “Bado… bado… Mjomba, bado… enda!” Nami ninakwenda. Sijawahi kumwamini binadamu mwingine kiasi hicho, hata daktari.

Dodane, yale matuta ya barabarani, tunazipita kimshazari, gurudumu moja baada ya jingine, polepole kama mtu anayeingia maji baridi. Karteri, bakuli la oili chini ya motere, iko sentimita kumi kutoka chini na nimeiwekea bamba la chuma. Tangi la esanse, yaani petroli, sikuliwekea kitu, na mwaka jana nililipa: jiwe kutoka kwenye pine la lori lilitoboa tundu la kalamu. Wauza makala wa pale barabarani ndio waliotuokoa. Mmoja alileta kipande cha sabuni ya kufulia, akakikanda, akakisukuma tunduni kwa kidole. Sabuni haiyeyuki kwenye esanse. Tulifika nyumbani nayo, na niliendelea kutembea nayo siku nne zaidi, kwa uvivu.

Kwenye kituo cha ushuru jana kulikuwa na kesi. Karani mmoja alisema hii ni pikipiki ya watu wawili, mwenzake akasema ina magurudumu manne, basi ni gari. Foleni nyuma inapiga honi. Nililipa la gari, nikaomba risiti. Sipendi mjadala wa aina hiyo urefuke.

Karibu na Likasi vilima vinaanza na barabara inapinda. Hapo ndipo pesa yangu ilipo. Kitu kizito kikiwa mwendoni kinataka kuendelea moja kwa moja. Ukikikatiza kona, mapine ndiyo yanayolipa deni. Gari la kazini linaingia kona likiegemea kama mlevi, halafu linaomba msamaha. Hili linageuka pale unapotazama. Usukani hauna msaada wa mafuta wala umeme, na vidole vinasoma lami: hapa laini, hapa mchanga, hapa lori lilimwaga dizeli. Na yote hayo kwa mwendo wa 70. Motere yangu ni ya sentimita 1,290, haina cha kujivunia. Lakini 70 ukiwa umekaa chini, upepo mdomoni na vichuguu vikikupita juu kama nyumba, inatosha. Mwendo wa kasi barabarani ni ujinga, na barabara hii ina watoto, mbuzi na baiskeli za makala.

Anayetaka kukimbia anangoja mchana. Tuna uwanja, ua ambamo malori hulala siku za kazi, na mwenyewe ameturuhusu Jumapili. Tunapanga bidoni 14 za njano, zile za mafuta ya kula, nusu zimejaa mchanga. Helmeti lazima. Gari moja kwa wakati mmoja, saa inahesabu, ukigusa bidoni unaongezewa sekunde tano. Basi. Michezo ya magari ya watu wa kawaida duniani kote iko karibu na hapo. Shelsley Walsh, Uingereza, tangu 1905 wanapanda kilima kimoja kisichofika kilomita, mmoja mmoja dhidi ya saa. Uzuri wake ni kwamba hakuna wa kumgonga. Caterham nao tangu 1995 wana mashindano ya wanaoanza, wote na gari la aina moja, ili mtu asisingizie motere.

Mzee haendeshi tena kwenye bidoni, magoti yanakataa. Anashika saa na kusimulia. Alikulia Ndola, na simulizi yake ni ileile: Satwant Singh, Mzambia, bingwa wa rali wa Afrika mara nane, na vumbi alilowaachia watoto waliosimama kando ya njia. Tunaisikia kila Jumapili. Jana Singh alipita karibu zaidi na Mzee kuliko wiki iliyotangulia.

Mimi nilipata sekunde 44.1, safi, bila kugusa. Nilishuka nikijiona. Mpwa wangu akaomba funguo. Ana leseni, ana miaka 23, na kwenye gari langu alikuwa hajawahi kuendesha zaidi ya kulitoa uani. Mara ya kwanza 47 na bidoni moja. Mara ya pili 41.8.

Nilisema ni uzito. Yeye ni kilo 55, mimi 94. Kila kona alikuwa amebeba mfuko mzima wa unga pungufu yangu. Mzee akasema ndiyo, ndiyo, huku akitazama pembeni. Usiku nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Kilo 39 katika 654 ni asilimia sita, na kwa ukarimu wote niliojipa sikupata zaidi ya sekunde moja. Sekunde nyingine na zaidi ziko wapi? Mwenyewe aliniambia pale pale, bila kuulizwa: “Mjomba, unakanyaga freni huku unakata. Unaliambia maneno mawili kwa mara moja.” Miezi yote ile ya kutoboa matundu.

Shemeji yangu aliwahi kuniuliza kitu hiki kimekula mifuko mingapi ya unga. Nilimtajia bei. Alinyamaza, halafu akazungumzia habari nyingine. Swali lake bado liko garajini, kwenye rafu ya spana, na kuna Jumapili ninalikuta limeketi kwenye kiti cha kushoto kabla ya mpwa wangu kufika. Sina jibu lake. Jana halikupanda, kiti kilikuwa na mtu.

Leo jioni nilipita kwa fundi kuchomelea kishikio cha ekzosi kilicholegea. Ukutani kwake, karibu na vipimo vya antivoli za watu, mtu ameandika kwa chaki 44.1, na chini yake 41.8 ikiwa imepigiwa mistari miwili. Nikamwambia afute. Akasema hiyo ni ukuta yake.

Nimerudi nyumbani. Mke wangu ameweka bukari, sombe na samaki, na ameshasikia, maana mpwa wangu alipiga simu kwa kila mtu. Ameshika mwiko juu ya sahani yangu.

“Nikupunguzie?”

Nimemwambia aongeze kidogo.