Jibu Nililokuwa Nalo Nakuru Nisilitoe

Katika mahojiano yangu ya pili ya kazi, yaliyofanyika Nakuru, mwanajopo aliyeketi pembeni aliniuliza swali ambalo mtunza stoo yeyote anapaswa kulitarajia: nieleze siku ambayo vitu vilivyokuwa rafuni havikulingana na hesabu iliyoandikwa kwenye kadi ya stoo, na hatua nilizochukua. Nilijibu kwamba mimi ni mwaminifu, mchapakazi, mwepesi wa kujifunza, na kwamba ninashirikiana vyema na wenzangu. Alisubiri kidogo, akaandika kitu kifupi kwenye karatasi yake, kisha akampisha mwenzake aulize linalofuata. Kazi ile sikuipata.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba jibu nilikuwa nalo. Miezi minne kabla ya safari hiyo, katika hospitali ndogo nilikokuwa nikitunza stoo ya vifaa, kadi ya glavu ilionyesha kuwa tulipaswa kuwa na pakiti 64, ilhali rafuni zilikuwepo 46. Nilifunga stoo, nikahesabu mara mbili, nikachukua hati zote za utoaji za wiki mbili zilizopita na kuzipitia moja baada ya nyingine, hadi nilipofika kwenye hati ya wodi ya kina mama wajawazito, ambapo katoni mbili zilitoka lakini kwenye kadi zikaandikwa pakiti mbili. Katoni moja ya glavu zile ilikuwa na pakiti 10, kwa hiyo zilizotoka zilikuwa 20, na tofauti ni 18 kamili. Nilikwenda wodini, nikazikuta katoni mbele ya muuguzi msimamizi, tukasahihisha kadi na kutia saini sote wawili. Na tangu siku hiyo sikuandika tarakimu yoyote bila kuandika kipimo chake kando yake. Kisa hicho kinasimuliwa kwa dakika mbili. Nilikwenda nacho Nakuru kichwani, nikarudi nacho Kisumu bila kukitoa.

Nilikuwa nimejiandaa, tena kwa bidii. Wiki nzima nilikariri majibu niliyoyapata kwenye intaneti, majibu ya maswali kama udhaifu wangu ni upi na baada ya miaka mitano nitakuwa wapi. Niliamini kwamba jopo linatafuta mtu mwenye sifa nzuri, na kwamba kazi yangu ni kuzitaja sifa hizo kwa sauti isiyotetemeka. Miaka kadhaa baadaye, nilipoombwa kuketi katika jopo kwa sababu ninaijua kazi ya stoo, niliiona karatasi ya alama kwa mara ya kwanza, na hapo ndipo nilipoelewa yaliyonipata. Kila swali lilikuwa na alama zake na nafasi ndogo ya maelezo, na kila mwanajopo alijaza karatasi yake peke yake kabla hatujalinganisha. Mtahiniwa aliposema kwamba yeye ni mchapakazi, sikuwa na la kuandika, kwa kuwa wote watano tuliowahoji asubuhi hiyo walisema hivyo hivyo. Aliposema kwamba alipokea shehena ya dawa saa kumi na moja jioni, akakuta katoni tatu zimelowa, akakataa kuzitilia saini mpaka dereva alipokubali kuandika hali yake kwenye hati ya mzigo, kalamu zetu sote zilianza kukimbia.

Aliyenitoa katika makosa yangu, niliporudi kutoka Nakuru, ni jirani yetu wa mtaa wa Manyatta, mwalimu mstaafu, ambaye nilimwendea kwa sababu mama alinisukuma niende. Nilimpa wasifu wangu, akauweka kando, akaomba tangazo la kazi.

"Binti yangu," akasema, "humu mna majukumu tisa. Kwa kila moja niambie ulifanya nini, usiniambie ulivyo."

Tulichukua daftari tukaandika majukumu hayo, kila moja juu ya ukurasa wake, na chini yake nikaandika tukio moja la kweli: lini, wapi, tatizo lilikuwa nini, nilifanya nini kwa mikono yangu, na mwisho wake ulikuwaje. Kurasa sita zilijaa jioni ileile. Mbili zilinichukua siku kadhaa za kukumbuka. Ukurasa mmoja ulibaki mtupu, ule wa kutunza kumbukumbu za stoo kwenye kompyuta, kwa kuwa mimi nilikuwa nimetumia kadi na vitabu tu. Mwalimu alinikataza kusema uongo, na hapa ninamuunga mkono kwa moyo wangu wote, kwa sababu swali la pili likiulizwa uongo hauna pa kwenda. Nilikwenda saiba, mahali pa kukodi kompyuta, jioni tatu kujifunza majedwali ya kompyuta, kisha tukaandaa jibu hili: mfumo huo sijautumia, lakini ninajua unachopaswa kubeba, yaani mapokezi, utoaji, salio na tarehe ya mwisho wa matumizi, na jedwali la vitu kumi nililolitengeneza mwenyewe ninalo hapa.

Kisha lilikuja suala la lugha, ambalo watu wengi wa kwetu hulionea haya. Mahojiano mengi ya ofisini hapa Kenya huendeshwa kwa Kiingereza, ilhali kazi yenyewe, angalau ile ya stoo, mimi niliifanya kwa Kiswahili na Kijaluo tangu asubuhi hadi jioni. Sikuwa nimewahi kumsimulia mtu yeyote kisa cha glavu kwa Kiingereza. Nilikijua, nilikielewa, lakini ulimi haukuwa umekipitia, na pengine hiyo ndiyo sababu kubwa iliyonifanya kule Nakuru nikimbilie maneno niliyoyakariri. Basi kila jioni, barazani kwa mwalimu, huku simu ikipima muda, nilisimulia visa vyangu kwa sauti. Mara ya kwanza nilichukua dakika sita, nikapotea katikati. Kufikia wiki ya pili nilikuwa ninamaliza ndani ya dakika mbili na nusu, nikiwa ninamtazama usoni. Kusoma majibu kimyakimya kitandani, jambo ambalo wengi wetu hulifanya usiku wa kuamkia mahojiano, hakumwandai mtu kuzungumza.

Kwa wale wanaokwenda mbele ya bodi za utumishi wa umma za kaunti, swali kuhusu Katiba ya mwaka 2010 ni la kutarajia, hasa Kifungu cha 10 kinachotaja maadili ya kitaifa na Kifungu cha 232 kinachotaja maadili na kanuni za utumishi wa umma. Vifungu hivyo visomwe, lakini visiimbwe. Mtu anayeweza kuonyesha kwamba kusahihisha kadi ya glavu mbele ya shahidi ni uwajibikaji, na kwamba kutoa kwanza dawa inayokaribia kuharibika ni matumizi bora ya mali ya umma, ameonyesha kwamba anakielewa Kifungu cha 232 kuliko aliyekariri aya zake zote. Wala mtu asiogope kuomba kazi nje ya kaunti ya kwao: Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inazitaka bodi hizo kuhakikisha kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi zinazojazwa katika ngazi za mwanzo zinaenda kwa watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa zaidi katika kaunti.

Kuhusu hati, ninalo neno moja. Vijana wengi hukopa fedha ili kupata vyeti vya kuthibitisha kwamba hawadaiwi na hawana makosa, kikiwemo cheti cha maadili mema cha polisi, kabla hata hawajaitwa popote. Mabadiliko ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022 yanamzuia mwajiri kudai hati hizo kabla ya kukusudia kumwajiri mtu kwa mkataba. Vyeti vya masomo na kitambulisho vibebwe, vilivyo halisi pamoja na nakala. Na anayekuomba fedha ili uitwe kwenye mahojiano ni tapeli, hata akiwa anajua jina lako kamili.

Swali la mshahara lijibiwe kwa kiasi cha kabla ya makato. Asilimia 2.75 ya mshahara huenda kwenye bima ya afya ya jamii, asilimia 1.5 kwenye ushuru wa nyumba, kisha inafuata NSSF, yaani akiba ya uzeeni, na kodi ya mapato, na mtu aliyetaja kiasi alichotaka kukishika mkononi hushangaa mwisho wa mwezi wa kwanza.

Mahojiano yangu ya tatu yalikuwa Milimani, hapa Kisumu, saa tatu asubuhi. Nilifika saa mbili na nusu, nikiwa nimevaa rinda langu la kawaida la kanisani, lililopigwa pasi vizuri. Zaidi ya usafi, sioni kwamba mavazi yanastahili wasiwasi wote tunaoyapa. Waliniuliza, shehena mbili za dawa moja zikifika kwa siku tofauti, nitatoa ipi kwanza. Nilijibu kwamba nitatoa ile inayokwisha muda mapema, hata kama ndiyo iliyofika mwisho, nikaeleza siku ambayo shehena mpya ilikuja na tarehe ya karibu kuliko ya zamani. Halafu mama mmoja mwenye miwani akauliza kama nimewahi kupatikana na upungufu. Nikasimulia kisa cha glavu. Akataka kujua kwa nini nilifunga stoo kabla ya kuhesabu, nikamwambia kwamba mtu akichukua hata pakiti moja wakati ninahesabu, hesabu yangu haina maana tena. Jibu hilo sikuwa nimeliandaa barazani. Lilikuja kwa sababu nilikuwepo siku ile.

Nilipotoka nilikwenda kuketi kivulini karibu na Uwanja wa Jomo Kenyatta, nikaandika maswali yote kabla hayajanitoka, pamoja na pale nilipokwama. Simu ilipigwa baada ya siku 16.

Daftari lile bado ninalo, na sasa ninalitumia na kijana wa ploti yetu, fundi wa umeme, anayekwenda kuhojiwa Kakamega wiki ijayo. Jana aliniambia kwamba yeye ni mtu mwangalifu sana kazini. Nikamuuliza anafanya nini kabla ya kuugusa waya. Akasema anazima swichi kuu, anaijaribu testa yake mahali penye umeme ili ajue inafanya kazi, anaupima waya wenyewe, kisha anairudisha testa kwenye umeme tena, isije ikawa imekufa katikati ya kazi na kumdanganya. Alieleza yote kwa Kiswahili bila kusita, mikono yake ikionyesha. Leo jioni ataeleza hayo hayo kwa Kiingereza, na simu itapima muda.