Ngozi, sungura, masaa 4

Wiki iliyopita kijana mmoja wa kibarua pale kazini alinionyesha mikono yake. Tulikuwa stoo, kama saa nne asubuhi hivi, alikuwa ametoka kumimina asidi ya salfoniki kutoka kwa pipa kubwa kuingiza kwa mitungi ya lita 20, na nyinyi mnaotengeneza sabuni ya maji mnaijua hiyo kitu, ile nzito ya kahawia kama molasi, ndio unachanganya na soda ash na ungarol mpaka povu lije. Vidole vilikuwa vyekundu, na pale katikati ya kidole gumba na cha shahada ngozi ilikuwa imepasukapasuka kama matope ya dimbwi lililokauka. Akaniuliza, "Mzee, hii kitu kuwasha hivi ni kawaida ama ni mwili wangu tu hauipendi?"

Nilimpeleka kwa mfereji kwanza, nikamwambia aache maji yatiririke dakika kumi na tano bila kusugua, halafu nikaenda ofisini kutafuta ile karatasi ya usalama inayokuja na mzigo. Ilikuwa kwa faili, haijawahi kufunguliwa, bado ina pini. Nikafungua mpaka sehemu ya 11, hapo ndio huwa wanaandika sumu za hiyo kemikali na vile zilijulikana, na nikakuta mstari mmoja mfupi tu, ngozi, sungura, masaa 4, inaunguza.

Nilisimama na hiyo karatasi kwa muda. Kwa sababu mimi hao sungura nawajua.

Kabla nije hii kazi ya Industrial Area nilifanya kama miaka mitatu kwa nyumba ya wanyama ya maabara moja hapa hapa Nairobi, jina siliweki. Kazi yangu ilikuwa kulisha, kusafisha vizimba, kupima uzito, na siku za majaribio kuwashika. Walikuwa wale weupe wa macho mekundu wanaitwa New Zealand White, wapole sana, sungura akiogopa halii, anaganda tu na pua inakimbia mbio, na akichoka kuogopa anapiga mguu wa nyuma chini, du. Ukiwa na vizimba kumi na mmoja akapiga, wengine wote wanaganda.

Jaribio lenyewe linaenda hivi, nieleze polepole kwa sababu watu wengi wanaongea juu yake bila kujua. Siku moja kabla unamnyoa mgongoni na ubavuni. Yetu ilikuwa mashine ya kinyozi ya kawaida kabisa, na lazima uwe na mkono mwepesi maana ukimkwaruza umeharibu, ngozi yake ni nyembamba mpaka unaona mishipa ya bluu. Kuna mahali nywele zinaota nene kama zulia, hapo huweki dawa. Kesho yake unachukua nusu mililita ya kemikali, kama ni unga nusu gramu na unaulowesha kidogo, unaweka kwa kipande cha shashi cha sentimita za mraba 6 hivi, yaani mraba mdogo upande wake unazidi kidogo sentimita mbili, unabandika kwa ngozi na plasta, unazungusha bandeji ndio asifikie na mdomo. Masaa manne. Unatoa, unaosha, halafu unaangalia baada ya lisaa limoja, na tena saa ya 24, ya 48, ya 72, na kama bado kuna alama unaweza kumfuatilia mpaka siku 14 kuona kama itaisha. Unaandika namba mbili, wekundu kutoka 0 mpaka 4, na uvimbe kutoka 0 mpaka 4. Basi. Hiyo ndio sayansi yote iko nyuma ya ile alama ya mshangao kwa pipa, ile ya kuonya kwamba kitu kinawasha.

Hii njia ilitoka Marekani, kuna mwanasayansi wa serikali wa FDA, idara yao ya chakula na dawa, anaitwa John Draize, yeye na wenzake waliiandika 1944. Na sitaki mtu afikirie walikuwa watu wabaya walioamka siku moja wakaamua kutesa sungura. Miaka ya 1930 kulikuwa na rangi ya kope inauzwa huko Marekani, Lash Lure, wanawake wakapaka, wengine wakapofuka na mmoja akafa, na hakukuwa na sheria ya kuzuia ile kitu kuuzwa. Sheria ilikuja 1938. Kwa hivyo kipimo kilikuja kwa sababu watu waliumia kwanza, hiyo lazima tuikubali. Ile ya masaa manne ninayoielezea mimi ndio ilikuja kukubaliwa kimataifa 1981 na OECD, ule umoja wa nchi tajiri unaoandika kanuni za kupima kemikali, ya Draize mwenyewe ilikuwa masaa 24 na ngozi nyingine wanaikwaruza makusudi.

Sasa nisimulie siku moja ambayo imekaa na mimi mpaka leo. Ilikuwa dawa ya kuondoa grisi, mteja anataka kujua kama itaandikwa inawasha ngozi ama la. Sungura watatu. Vile huwa wanahesabu, kila sungura unachukua namba zake za siku tatu, ya saa 24, 48 na 72, unajumlisha unagawanya kwa tatu, na ikifika 2.3 kwa sungura wawili kati ya watatu basi hiyo dawa inapata jina la kuwasha. Wa kwanza alikuwa ashapita, mgongo ulikuwa mwekundu kama nyanya. Wa tatu hakuwa na shida, anakula nyasi zake tu. Wa katikati ndio alikuwa anaamua. Asubuhi ya saa 24 tukamwinamia, mimi na mkubwa wangu, taa ile ndefu ya juu inamwangaza, mimi naona 3, yeye anaona 2. Tukamwangalia tena. Akasema huo wekundu uko wazi lakini si wa kati wala mkali, andika 2. Nikaandika 2. Siku zilizofuata tulikubaliana wote, 2 na 2.

Piga hesabu sasa. 2, 2, 2 ni 2. Lakini 3, 2, 2 ni 7, gawanya kwa tatu unapata 2.33. Ile namba moja, watu wawili wamesimama na chai haijashuka vizuri tumboni, ndio ilifanya ile dawa itoke bila alama. Simsemi mkubwa wangu vibaya, aliandika alichoona na alikuwa na macho ya miaka mingi kuliko mimi. Na si sisi tu. 1971 kuna watafiti wawili, Weil na Scala, walichukua kemikali zilezile wakapeleka kwa maabara zaidi ya ishirini, macho na ngozi za sungura, na majibu yalitofautiana vibaya sana, huyu anasema haina neno mwenzake anasema ni kali. Mimi nilikuja kusoma hiyo baadaye nikiwa nishaacha kazi, nikakumbuka yule wa katikati.

Halafu kuna kitu kingine hatukuambiwa. Ngozi ya sungura si ngozi yetu. Ni nyembamba, ina vitundu vya nywele vingi, inapitisha vitu haraka. Kuna utafiti ulitoka 2010 huko Czech, walichukua kemikali 16 ambazo sungura walisema zinawasha, wakajaribu kwa watu waliojitolea, plasta ya masaa manne vilevile, na ni 5 tu ziliwasha watu. Kwa hivyo sungura anaumia na bado jibu lake si letu.

Wale sungura wetu wakimaliza hawarudi shamba, hilo niseme tu na nipite.

Sasa kinachoniuma, na ndio sababu nimeandika leo. Hawa wanyama walishalipa. Kemikali karibu zote tunazomimina hapa Nairobi, kostiki soda, salfoniki, hizo zote zilishapimwa zamani, mahali fulani kuna sungura alifungwa bandeji ndio ule mstari uandikwe. Halafu mstari unasafiri kutoka kiwandani huko nje, unapanda meli, unafika Mombasa, unapanda lori, unafika Enterprise Road, na unakufa ndani ya faili na pini yake. Kijana anamimina na mikono mitupu. Kama hatusomi, yule mnyama alichomwa ya nini?

Na kuna watu bado wanataka kupima tena. Mteja anabadilisha mchanganyiko kidogo, anaongeza harufu ya ndimu, ati tupimiwe upya. Wakati hata hizo kanuni za OECD zenyewe zinasema anza na kile kinajulikana, angalia pH, kile kipimo cha asidi na alkali, kama ni 2 kushuka ama 11.5 kupanda usimguse mnyama, hiyo hesabu tayari kwamba inaunguza. Kostiki ya asilimia 5 haihitaji sungura kuambia mtu kitu. Na hata ukifika kwa mnyama unaanza na mmoja, kama mwenye anapima anaogopa ni kali anamwekea dakika 3 kwanza, halafu lisaa, ndio masaa 4, si kuwapanga watatu mara moja. Ulaya, sheria yao ya kemikali ya REACH iliyoanza 2007 inalazimisha makampuni kugawana majibu ya majaribio ya wanyama, yaani kama mwenzako alishapima unanunua jibu lake, hupimi tena. Hiyo mimi naona ni heshima, kwa mnyama na kwa mfanyakazi pia.

Na siku hizi kuna njia nyingine kabisa. Wanachukua seli za ngozi ya binadamu, nyingine ni mabaki ya upasuaji, wanazilea kwa kikombe kidogo mpaka zinajipanga tabaka kwa tabaka kama ngozi ya juu ya kweli, juu kumekauka chini kuna seli hai. Kipande ni kidogo kuliko kucha ya kidole gumba. Unadondosha kemikali juu, dakika 15 kwa aina moja, dakika 60 kwa nyingine, unaosha, unaacha masaa 42, halafu unaweka dawa ya manjano inaitwa MTT. Seli zikiwa hai zinaigeuza zambarau. Zikiwa zimekufa hakuna rangi. Mashine inasoma ile zambarau, ikiwa imebaki nusu ama chini ya nusu ukilinganisha na kipande kisichoguswa, basi hiyo kemikali inawasha. Hakuna mtu anabishana kama ni 2 ama 3. OECD waliikubali 2010, na Ulaya 2016 wakabadilisha, kwa kemikali za viwandani sasa unaanza na hiyo, mnyama ni mpaka hiyo ishindwe. Kupima vipodozi kwa wanyama walishapiga marufuku kabisa 2013. Nilipoona picha za hizo vikombe mara ya kwanza, ile safu ya zambarau inafifia kidogo kidogo mpaka nyeupe, nilikaa kimya kwa matatu mpaka nikapita stage yangu.

Hapa kwetu sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inasema hufanyi jaribio kwa mnyama bila leseni, na ile ya usalama kazini ya 2007 inataka kemikali ziwe na lebo na karatasi zake na mfanyakazi aambiwe. Sheria ziko. Lakini nenda asubuhi Lunga Lunga Road uone vibarua wamejipanga kwa geti, wanaotoka Mukuru kwa miguu, uwaulize nani ashawahi kuonyeshwa karatasi. Wanaona picha ya mkono unamwagiwa kitu unaliwa, wanadhani ni nembo ya kampuni. Wengine wanajua alama ya mshangao inamaanisha usiangushe.

Ile siku nilimwambia yule kijana hapana, si mwili wako, hii kitu inaunguza kila mtu, na imeandikwa. Akasema, "Imeandikwa wapi na mimi sijaona?" Sikuwa na jibu la kumpa. Mchana nikachukua makapeni nikaandika Kiswahili kwa kila mtungi wa hiyo stoo, INAUNGUZA NGOZI, VAA GLOVU, IKIKUMWAGIKIA MAJI DAKIKA 15. Ofisini nikasumbua mpaka wakatoa pesa ya glovu ndefu za mpira, zile za kufika kwa kiwiko, pea sita. Tuko vibarua tisa, bado naendelea kusumbua.

Jumatatu alirudi, kidole amefunga kitambaa safi, glovu amevaa. Akazunguka stoo anasoma mitungi kwa sauti, mmoja mmoja, mpaka akafika kona ile tunaweka dawa ya grisi. Pipa la bluu, halina mkono, halina mshangao, halina chochote.

"Na hii Mzee? Hii haina picha. Naweza toa glovu?"

Nikamwambia asitoe.