Mlango haukuwa na kosa

Mbwa wangu nilimpata akiwa mkubwa, ameshapitia mikono ya watu kadhaa. Mwanzoni sikumwelewa kabisa. Leo sufuria inaanguka, yeye anainua sikio moja tu. Kesho upepo unabamiza mlango, anakimbilia chini ya kitanda na kutetemeka saa nzima, mate yanamdondoka.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nikawaza; bila shaka kuna mtu aliwahi kumbana na mlango. Nikahangaika na milango yote ya nyumba bure.

Kilichonifungua macho ni daftari. Kila aliposhtuka niliandika mlio ulikuwa gani, na chini yake yaliyompata tangu asubuhi. Baada ya wiki tatu, safu ya milio haikuniambia kitu. Ile ya pili ndiyo ilikuwa na jibu: kuoshwa, kupelekwa kwa daktari wa mifugo, wageni wenye watoto wadogo, usiku mzima wa ngurumo. Siku za namna hiyo hata kijiko kikianguka kilikuwa bomu.

Niliposoma nikakuta jambo hili limeshapimwa kwa panya. Kushtuka hakusubiri akili. Misuli ya panya huanza kukaza hata milisekunde 10 hazijatimia tangu mlio usikike. Wakishapigwa umeme kidogo miguuni, dakika chache baadaye huruka juu zaidi kwa kelele ileile, ingawa kelele hiyo haikuwahi kuambatana na umeme. Amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu, huwa imeshaamka. Kwa hiyo nyoka wa methali si lazima afanane na ung'ongo.

Tangu hapo, akipata siku nzito, ya pili yake naiacha tupu: hakuna mgeni, hakuna njia mpya ya matembezi. Nilijaribu pia kumzoesha ngurumo zilizorekodiwa, na mara ya kwanza niliharibu, kwa kuwa nilizicheza jioni ileile aliyotoka kuchomwa sindano. Ilinibidi ningoje siku kadhaa, nianze upya kwa sauti ya chini mno, kila ngurumo na kipande cha nyama. Akikataa nyama, nazima. (Mbwa anayekataa nyama hana haja ya kubweka ili umwelewe.)

Juzi mlango ulibamizwa tena. Aliinuka, akaunusa, akarudi kulala. Fataki bado hatujaziweza, na akishaoshwa bado huenda chini ya kitanda. Nimemtandikia blanketi hukohuko.