Ninavyowapima nyigu wa Kitale na wa Mombasa kabla ya kuwapeleka shambani

Kibandiko cha boksi la nyigu kikiandikwa Cotesia sesamiae, bado hakijaniambia ninachotaka kujua. Nyigu hawa weusi wasiozidi milimita 3 hutaga ndani ya viwavi wa bungua, wadudu wanaotoboa mashina ya mahindi, na hivyo huwaua. Hapa Kenya wana koo tofauti zisizotambulika kwa macho. Wa Kitale hukua vizuri ndani ya Busseola fusca, bungua wa mahindi wa nyanda za juu. Wa Mombasa humdunga kiwavi huyohuyo bila kusita, lakini mayai yao hufia humo. Ukimpeleka wa pwani Trans Nzoia, huko nyanda za juu, atataga na hutaona kizazi chake. Ndiyo maana kila kundi linaloingia maabarani nalipima kwanza.

Naandaa viwavi wa hatua ya nne, 20 wa Busseola fusca na 20 wa Sesamia calamistis, bungua mwingine, wote waliolelewa maabarani. Wa shambani siwatumii, kwa kuwa huenda wamekwisha kudungwa huko. Sesamia ndiye shahidi wangu: koo zote mbili hukua ndani yake, hivyo wakishindwa hata humo, kosa liko kwa nyigu wenyewe, pengine wamezeeka au wamepigwa na joto njiani. Siku moja kabla ya jaribio nawalisha viwavi vipande vya shina bichi la mahindi. Usiruke hatua hii. Harufu ya kinyesi kibichi cha mahindi ndiyo inayomchochea jike adunge. Kiwavi aliyetoka moja kwa moja kwenye chakula cha maabara mara nyingi hupitwa tu.

Nyigu wakitoka vifukoni nawaacha majike na madume pamoja kwa siku moja, penye mwanga, na pamba yenye maji ya asali ya asilimia 20. Pamba iwe na unyevu tu, isidondoshe, maana bawa likinata kwenye asali nyigu huyo amekwisha. Maisha yao ni ya siku chache, kwa hiyo wa siku ya tatu simtumii.

Kiwavi namshika kwa kibano laini na kumsogeza karibu na jike ndani ya kichupa. Jike humgusagusa kwa vipapasio, hupanda, hukunja tumbo na kudunga, yote kwa sekunde chache. Hapo hapo namtoa kiwavi. Mdungo mmoja unatosha. Ikiwa miwili au mitatu, kiwavi anaweza kufa mapema na jaribio likaharibika.

Siku ya tano nawapasua nusu ya viwavi vya Busseola ndani ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9, chini ya hadubini. Ukoo wa Kitale utakuonyesha mabuu meupe, laini, yanayojikunja. Ukoo wa Mombasa utakuonyesha mayai yaliyofungwa ndani ya tabaka la seli za damu, kahawia au meusi kabisa, magumu ukiyagusa kwa sindano. Kinga ya kiwavi imeyazingira. Jike hudunga mayai pamoja na virusi vinavyolemaza kinga hiyo, na jeni za virusi hivyo, mojawapo CrV1, hutofautiana kati ya koo. Viwavi vilivyobaki navisubiri: baada ya takriban wiki mbili mabuu hutoboa ngozi na kusuka vifuko vyeupe. Hadi siku ya 20 kama hakuna kifuko, naandika sifuri.

Kuna jambo jingine linalosumbua walezi. Ukiona boksi zima limetoa madume, usikimbilie kulaumu chakula. Huenda majike hawakupandwa, na yai lisilorutubishwa kwa nyigu ni dume. Lakini pia baadhi ya makundi yana bakteria Wolbachia, na dume mwenye nayo akimpanda jike asiye nayo, uzao wa kike hupotea. Ndiyo sababu koo hizi nazilea katika vyumba viwili, kila kimoja na vibano vyake, na cha pwani nahudumia mwisho wa siku.

Ukoo wa Kitale naulea juu ya Busseola, ingawa Sesamia ni rahisi zaidi kumlea. Sesamia humpitisha kila mtu. Nyigu wa pwani akipenya, atazaana humo kimyakimya. Juu ya Busseola, mayai yake yatakufa kabla hayajachafua kundi.